Moja Hadi Tano

Binti wa takwimu ameketi juu ya gunia la pamba,
kalamu mkononi. "Bi Shevanta,
uliridhika na bima? Moja hadi tano."

Chai kwanza.

Mwalimu Digambar ndiye aliyetuuzia, jioni, baada ya masomo.
Akasema: ukifa, Bhaurao, mkeo atalipwa.
Mume wangu akacheka: "Kumbe nami nina bei!
Maksai wangu hajawahi kutajiwa hiyo."
Akatia dole gumba.

Miaka sita tulilipa kwa pamba;
mwaka wa funza, kwa bangili zangu.
Karatasi ililala ndani ya debe la unga wa mtama.
Hatukuisoma. Panya walisoma pembe moja.

Halafu kikohozi.
Usiku nilimsikiliza akihema,
na, andika hili au usiandike,
nilijikuta nikipiga hesabu.

Fedha zilichukua miezi kumi na moja.
Jina lake lilikosewa herufi;
mara nne nilipanda basi hadi Yavatmal
kuapa kwamba marehemu ni yule yule.
Deni la mbegu likaisha. Paa halivuji.

"Kwa hiyo tano?"

Kunywa, mwanangu, inapoa.
Kwa paa, andika tano.
Kwa ule usiku, acha wazi.