Pengo

Likwata alikirudisha Jumatano jioni
kimefungwa gazeti kama samaki,
akakilaza juu ya mfuniko wa ndoo, akaaga upesi.
Nilipokifungua kilinichekea:
katikati ya makali, pengo,
dogo, la kuingia punje ya mtama.

Sikumwuliza.
Nalijua kopo la rangi, naujua mfuniko wake,
namjua na kaka yangu
akiwa na haraka ya kupaka mlango
kabla wakwe hawajafika.

Nikaazima tupa kwa Nambunga, fundi baiskeli.
"Kitupe," alisema, "vipya ni elfu mbili."
Lakini tupa akanipa.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikulipenda:
pengo la kisu halizibwi.
Hakuna chuma cha kurudishia.
Ni yale makali mengine, mazima, yasiyo na kosa,
ndiyo yanayoshushwa
na kushushwa
mpaka yalifikie pengo lilipo.

Basi nikasugua. Tupa kwanza, ikinitia ganzi ya meno.
Kisha ngazi ya saruji ya uani.
Kisha kinoo cha mama,
kilichobonyea katikati kwa mkono wake.

Na kinoo kinataka maji.
Newala hii, Septemba, dumu shilingi mia saba,
tenki la mvua ukiligonga linaitika tupu.
Nikatumia maji niliyooshea mchele.
Yalipokwisha, mate.

Bi Somoe akachungulia juu ya ua:
"Noa noa humaliza kisu, we mtoto."
Kweli. Lile tope jeusi vidoleni mwangu
lilikuwa kisu pia.

Mara ishirini huku, ishirini kule,
napitisha ukucha: unakwama.
Tena. Unakwama.
Alasiri ikaadhiniwa, ukucha ukateleza.

Nikamalizia kwenye kitako cha kikombe,
pale pasipong'arishwa,
na kwenye mkanda mkuukuu wa Likwata.

Kimekuwa chembamba. Mama angekishika leo
angekitambua kwa mpini tu,
kwa ule mpira wa baiskeli alioufunga mwenyewe.

Ijumaa Likwata alikuja, akakuta namenya muhogo.
Akakitazama. Akaninyang'anya, "Lete nikusaidie,"
na ganda la kwanza halijadondoka
kikamlamba kidole gumba.

Alikinyonya kidole, kimya,
muhogo mwingine ukamenyeka, na mwingine.

"Lile kopo," alisema, "lilikuwa gumu."