Nne za Ziada

Mnajimu Joglekar wa Sangli hana haraka.
Alifunua chati ya kuzaliwa kwangu, nyumba kumi na mbili,
akaweka kidole penye mwezi wangu
akasema: Zohali amebisha hodi hapa,
na akishaingia hukaa miaka saba na nusu.
Mama akauliza kama mtu anayeulizia nauli:
"Dawa?"

Dawa ni jina lake mwenyewe Zohali,
mara elfu ishirini na tatu, ndani ya siku arubaini,
kuanzia Jumamosi, jua lisijapanda.
Na taa ya mafuta ya ufuta. Na kunguru walishwe.
Ada tukailipa kwa noti zinazonuka manjano,
maana mjini kwetu hata deni lina rangi ya manjano.

Mimi nilikuwa nimeanguka mtihani wa benki mara tatu.
Sikuamini sayari, niliamini kikokotoo.
Nikamwambia: tasbihi yako ina shanga mia na nane.
Elfu ishirini na tatu haigawanyiki, Mama.
Utazunguka mara mia mbili na kumi na tatu
na zitazidi nne.
"Zizidi," akasema, akafunga nywele.

Indumati, jina lenye maana ya mwezi mpevu,
mchambuzi wa manjano ghalani kwa Kothavale,
mchana kutwa akivunja vidole vya mizizi
hadi vyake na vya mizizi havitofautiani.
Alfajiri alikaa chini, uso magharibi,
kidole cha shahada amekitenga
kama mtoto mtundu asiyealikwa karamuni,
shanga zikipita kati ya gumba na kidole cha kati.
*Om sham shanaishcharaya namaha.*
Akifika kwenye ushanga mkuu havuki.
Anageuza tasbihi, anarudi alikotoka.

Nami nimelala upande wa pili wa pazia
naisikia sauti ikisaga, ikisaga,
jiwe la kusagia lisilo na nafaka.
Nilijifunika blanketi. Nilikasirika.
Nani aliyekuomba?

Wiki ya tatu akashikwa na kikohozi cha vumbi la ghala.
Jina likakatika katikati.
Na mimi, gizani, kabla sijajizuia,
nikalimalizia.

Hakusema kitu.
Ushanga ukasogea.

Jina lile, nilikuja kuambiwa, ni *aendaye polepole*.
Wanasimulia kwamba anachechemea,
kwamba mamaye alikuwa kivuli,
kwamba baba yake, Jua, alimtazama mara moja
akasema huyu si wangu.
Basi ndiye huyu tuliyemwogopa,
tukimwashia taa ili asituone?

Siku ya arubaini alimaliza kabla ya maziwa kuchemka.
Nikamuuliza, kwa kejeli kidogo, kwa kutaka kujua zaidi:
zile nne umezifanyia nini?
Akapepea moto.
"Nimempa mwenyewe."
Nani?
"Huyo mgeni wako. Kila amtajaye anamtaja aondoke.
Miaka yote hiyo na mguu mbovu,
hakuna hata mmoja wa kumwambia: keti, nywa maji."
Maziwa yakafurika. Akanigombeza mimi.

Matokeo ya mtihani wa nne hayajatoka.
Napima magunia kwa Kothavale,
naandika kilo, nakosea, nafuta.
Mama amerudi kulala mpaka kuche,
na alfajiri nyumba ina kimya
ambacho sikukijua kabla sijakipoteza.

Miaka saba na nusu, nimekokotoa,
ni siku elfu mbili mia saba na thelathini na tisa.
Nimezigawa kwa mia na nane. Nazo hazigawanyiki.
Zinazidi thelathini na tisa.
Sijajua bado nitampa nani.