Sikuona Mwiba

Ulikuja maabara na kichupa ndani ya mfuko wa kaki,
Shaame, ukakiweka mezani kama mwizi anayerejesha kitu.
"Mkojo mwekundu," ukasema. "Usimwambie mama."
Nikacheka. Nani hapa Mtambile hajapata kukojoa damu?
Sote tulikoga mto wa bondeni, chini ya mpunga,
sote tulisimamishwa skuli kwenye ule ubao mrefu wa rangi
unaopima kimo na kuamua: huyu vidonge viwili, huyu vitatu.
Wewe uliinua visigino uongezwe kimoja.

Nikainama kwenye hadubini.
Yai la kichocho lina mwiba nchani,
na mimi, mwaka wa tisa huu, kazi yangu ni kuutafuta mwiba.
Sikuuona.
Damu tu, tele, haina mwenyewe.
Nikaandika: Hakuna.
Na nilifurahi. Hilo sijamwambia mtu.
Nilifurahi, nikakutuma kachori.

Mnazi Mmoja, miezi mitatu baadaye,
ubavu wako wa kulia umeshatuna,
daktari alichora figo nyuma ya karatasi ya dawa.
Hakuanza na saratani. Aliuliza:
"Kwenu kuna selimundu?"
Mama akajibu, hakuna anayeumwa.
"Sikuuliza anayeumwa."

Tangu siku ile naisoma figo
kama mtu asomaye barua ya deni.
Ndani kabisa kuna mahali pana chumvi kama tope la mikoko,
hewa ikifika huko imekwisha choka.
Damu ya wengine hupita duara, ikatoka duara.
Yako, yenye urithi wa upande mmoja,
ikifika pale hujikunja ikawa mundu,
ikakwaruza, kidogo, kila siku, miaka ishirini na moja,
mpaka nyama ya pale ikasahau kuwa ni figo.
Ndivyo wanavyodhani. Hakuna aliyekuwamo akaona.
Huwapenda vijana. Haina subira.
Wengi hubeba mundu huo wakazeeka nao;
ni mmoja katika maelfu.
Maelfu ni neno la faraja, mpaka uwe wewe ndiye mmoja.

Mama hayataki maelfu.
"Ni mimi au babaako?"
Nikamtoa tone usiku, maabara imefungwa,
nikalifunika kwa kioo, nikangoja.
Zikajikunja.
Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, husema watu.
Na wa kurithishwa?
Nikamwambia: ni wewe. Na mwaka ule wa homa,
nyumba ya Bikombo walipozika wawili wiki moja,
Shaame alitetemeka siku mbili, Ijumaa yuko juu ya mpera.
Mundu ule ule, mama. Ndio uliomvusha.
Hakusema kitu. Akachukua mundu wake ukutani
akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Mimi pia nimejipima.
Matokeo nimeyaandika kwa penseli.

Jana umerudi kutoka Dar, shati linakuning'inia,
kovu ubavuni refu kuliko kiganja changu.
Tukapita skuli. Ubao bado upo, rangi imebabuka.
Ukasimama, mgongo umeunyoosha,
ukasema, "Nisome."
Hukuinua visigino.
Nikakusoma: vitano.
Vidonge vitano, kaka'angu,
vya ugonjwa mwingine.