Meza ya Bi Kalunde

Kazi yangu vibao. Kinyozi, duka la dawa,
NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu
inayochuruzika, maana hakuna mteja
anayelipia mkono wa pili.
Hata hivyo akamtuma mtoto: fundi aje Isevya,
aje na rangi zote, si nyekundu peke yake.

Bi Kalunde alikuwa edani, nyuma ya pazia.
Mlangoni bibi mmoja na ungo wa karanga,
ananikagua kila ninapokohoa.
Sauti ikatoka: "Usinichore mimi. Chora meza.
Ijumaa ndugu wa marehemu wanakuja kugawana."

Meza ya mninga, mguu mmoja umetiwa kigae.
Nikaanza na sahani ya bati, ua lake jekundu
limebanduka ukingoni, pameota kutu.
"Usinizibie hilo kovu. Iligonga sakafu
siku mwanangu wa kwanza alipoacha kupumua."
Nikachora kovu. Lilikula asubuhi nzima.

Asali ya Sikonge, chupa ya soda, kizibo cha gunzi.
Nyeusi, nilivyodhani. Ukiitazama sana
weusi huuoni: kuna kahawia, kuna wekundu wa kichuguu,
na pale jua la dirishani linapoigusa
kuna njano moja
ambayo sina kopo lake.

Jani la tumbaku, kavu, mishipa imetoka
kama mgongo wa mkono wa mtu.
Chini yake risiti ya ushirika: kilo, daraja,
makato ya mbolea, makato ya kuni, makato.
Jina moja: Luhende Mihayo.
"Majani hayo tuliyafunga kwa mikono minne,"
sauti ikasema. "Hesabu majina."
Nina brashi ya nywele tatu, ya namba za pikipiki.
Nililiandika lile jina, na ubavuni mwake
nikaacha nafasi ya kuenea jina jingine.
Mahali patupu nako ni kuchora,
tena ni kugumu zaidi.

Nusu embe, Novemba, sisimizi watatu.
Nikainama niwapulize.
"Waache. Nao wanakuja kugawana."
Bibi wa karanga akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

Miwani ya marehemu, mkono mmoja umefungwa uzi.
Juu ya miwani hakusema lolote.
Nami sikuuliza.

Mwisho sufuria, imesuguliwa kwa majivu
hata tumboni mwake kimeingia chumba kizima:
dirisha, mlango, mimi nimepinda kama kijiko,
na pembeni, pazia lilipokuwa limeachia,
kitu cheupe, wima, kinanitazama.
Aliniambia nisimchore.
Sikumchora. Nilichora sufuria.

Ijumaa wakaja na mkokoteni.
Ilikwenda meza, ikaenda sahani na kovu lake,
ikaenda asali, hata kigae cha mguuni.
Plaiwudi yangu waliigeuza mbele na nyuma,
wakaona haiketiwi wala hailiwi,
wakaiegemeza ukutani.

Eda ilipokwisha akaniita nipokee salio.
Sakafuni alama nne, saruji mbichi zaidi ya saruji.
Juu yake meza, imetulia, embe halijaoza.
Ndipo nikamwona uso kwa mara ya kwanza.
Akaweka kidole kwenye tumbo la sufuria:
"Fundi, hiki cheupe nini?"

"Mwanga," nikasema.

Neno likaniteleza vibaya. Shemeji zake
walikuwa wamemwita hivyo tangu matangani,
mwanga, kwa ile maana ya usiku,
ya ungo, ya mume aliyekufa ghafla.
Nikatafuta pa kulificha. Rangi hufutwa kwa mafuta ya taa;
neno sijui hufutwa kwa nini.

Yeye akachukua ncha ya kanga,
akapangusa vumbi pale, pale tu,
akarudi nyuma hatua mbili kama mnunuzi.

"Basi mwache akae," akasema.
"Hapo ni kwake."