Hesabu za Penseli

Miaka thelathini na moja nimepima marobota ya mkonge
ghalani, nyuma ya bandari ya Tanga.
Jicho huongopa. Mizani haina haya.

Usiku huu, Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
nimefungua daftari la hesabu.

Kibubu: kizito, ila sarafu hazizaani.
Kikoba cha kina Mama Zaharani: huzaa, na huzua.
Hatifungani: kimya kama mkwe,
huleta chake mara mbili kwa mwaka.
Chumba cha uani cha kupangisha: kwanza bati.

Mwenzangu Shekalaghe alilipwa kiinua mgongo mwezi wa Rajabu.
Shaabani akaoa, akanunua na pikipiki mbili.
Ramadhani ikamkuta anakopa tambi,
mgongo umeinama kuliko alipokuwa kuli.

Nagawa. Natoa. Naweka kando ya dawa ya presha.
Mstari wa mwisho unauliza: kwa miaka mingapi?
Hapo mizani yangu haifiki.
Mama tulimzika na sitini na miwili.

Naandika tisini,
nacheka peke yangu
mpaka Mwanamvua, chumba cha pili, anauliza kuna nini.

Ufutio ninao, huu hapa mkononi.
Sifuti.