Milimita Sifuri

Simu ya Nyemo inakimbia. Runinga inakimbia.
Hata tableti ya Mama Mbeleje, iliyopasuka kioo
(alikuja kuomba chumvi, akaomba na nywila),
inacheza video ya harusi bila kukwama.
Kompyuta peke yake, pale mezani kwa baba,
inazungusha kaduara kake
kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saa tatu usiku, Ilazo. Upepo unatikisa bati.
Fomu ya ushirika wa zabibu inafungwa saa sita:
kurasa tisa, muhuri, ramani ya ekari mbili na robo kule Mpunguzi,
nami nimekwama kwenye asilimia nne.

Nilianza na yale ya kila mtu.
Nikazima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Nikachomoa waya, nikaupuliza
(kupuliza hakusaidii, najua; mdomo ndio haujui).
Nikaihamisha ruta kutoka nyuma ya sanduku la chuma.
Nikapima kasi:
simu, ishirini na mbili.
Kompyuta, sifuri nukta tatu.
Nikapigia kampuni, wakanichezea muziki dakika kumi na moja,
kisha msichana mwenye sauti ya asali akasema,
"Kwetu huku kila kitu kiko sawa, dada."

Ndiyo. Kwenu huko.

Nikampigia fundi Chipanha. Alikuwa anatafuna.
"Umeangalia kinachoingia. Je, kinachotoka?
Maji yakiwa hafifu jikoni,
kaangalie koki ya uani."

Nikafungua orodha ya kazi zinazoendelea,
nikashuka nayo kama anayesoma majina ya waliofaulu,
na hapo chini nikaikuta koki, wazi kabisa:
programu ya kuhifadhi picha, inapandisha,
ya elfu moja mia mbili na sita
kati ya elfu nne na kumi na moja.
Folda: MVUA.

Nikatazama moja. Kipima mvua cha baba,
juu ya nguzo, uani, saa tatu asubuhi.
Kitupu.
Nikatazama nyingine. Kitupu.
Julai, Agosti, Septemba, kivuli cha kofia yake ukingoni,
mjusi, mara moja tu,
na chini ya kila picha jina alilolichapa kwa kidole kimoja:
milimita sifuri
milimita sifuri
milimita sifuri
Miaka kumi na moja.
Januari fulani, thelathini na nane,
na picha yenyewe nusu ni kidole gumba,
sijui kwa furaha, sijui kwa haraka.

"Baba! Juzi ulibonyeza nini kwenye kompyuta?"
Redio ikapunguzwa chumbani.
"Iliniuliza kama nataka zisipotee.
Nikajibu ndiyo." Kimya. "Kwani nimekosea?"
"Na zile kavu pia?"
"Zile kavu hasa. Mvua kila mtu anaikumbuka."

Kitufe kilisema: Sitisha kwa saa mbili.
Nilikibonyeza kama mtu anayemwomba mzee
asogeze kiti kidogo, apite na sinia.
Kaduara kakakoma. Kurasa zikaondoka, muhuri ukaondoka,
ramani ikajivuta, ikasita, ikaondoka.
Saa nne na dakika hamsini.
Nyemo akapiga makofi bila kuinua macho.

Sikuzima kompyuta.
Nilimwekea baba maji ya kunywa, nikafunga mlango wa uani,
na usiku wa manane, nilipoamka kwa ajili ya upepo,
taa ya ruta ilikuwa inapepesa tena, kijani, kijani,
kiangazi kinapanda siku moja baada ya nyingine.
Kilikuwa kimefika Agosti,
ya mwaka ule tuliouza mbuzi.