Somo

Kazi yangu ni kutazama.
Nyumba ya Limbani, Wete, chumba cha uani, feni inayokwaruza,
na sekunde arubaini na tatu za video
iliyopigwa kwa simu, mkono ukitetemeka.
Nimeitazama mara mia mbili.
Vumbi. Mtu anasema kwa Kiarabu, "Huku, huku."
Kiatu cha mtoto. Vumbi.

Jeshi limeandika: usiku, ghala la silaha, hakuna raia.
Mimi napima kivuli cha mnara wa msikiti
kilivyolala ukutani.
Chuoni tulifunzwa kwa bakora:
kivuli kikilingana na kitu, alasiri imeingia.
Naandika: Si usiku. Kivuli kilikuwa hakijalingana.

Baba alikuwa karani wa mizani, msimu wa karafuu.
Hakuamini jicho la mtu, hata lake.
"Pishi iliyopotea kitabuni," akisema,
"kuna mtoto hakula."

Basi nami nahesabu. Orodha ilikuwa na kumi na wawili,
ikarudi kwangu na kumi na mmoja.
Thuwaiba Salim Awadh, miaka saba.
Thuwaiba Saleh Awadh, miaka saba.
Huko ofisini, mji wa theluji,
mwenzangu mmoja, mtu mwema, mwangalifu,
kampigia mstari wa pili:
jina limerudiwa, kosa la kalamu.

Sikumlaumu. Labda kwao jina ni kama mswaki.
Kwetu bibi ana wana wawili,
kila mmoja akipata binti humpa jina la mamake,
na hakuna wa kumwambia mwenziwe, limeshachukuliwa.
Humu ndani tunao Mkasi wawili,
wa kaka Faki na wa kaka Shaame;
mmoja akivunja kikombe
wote wawili hukaripiwa.

Nikapiga simu. Mara ya nne ikapokelewa.
Nyuma yake jenereta, na jogoo asiyejua saa.
Alikuwa bibi yao. Naye ni Thuwaiba.
Nikamuuliza nilivyofundishwa, polepole,
nisimtie maneno kinywani:
Walikuwa wangapi?

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga gilasi.
"Wa Salim ana mwanya.
Wa Saleh anakula kwa mkono wa shoto,
namkanya kila siku, hasikii."
*Ana*, alisema. *Anakula.*
Nikaandika hivyo hivyo.

Kisha yeye ndiye akaniuliza:
"Na nyinyi, mmemfuta somo yangu yupi?"

Nilikuwa na jibu la ofisi, limechapwa, liko mezani.
Nikaliangalia.
Nikamwambia, "Bibi, nipe siku mbili."

Nikajaza fomu upya. Ushahidi: sauti, dakika sita.
Mwanya. Mkono wa shoto. Baba wawili, ndugu, mlango mmoja.
Kwenye sehemu ya *Maelezo mengineyo*
nikaeleza habari ya somo, ukurasa mzima,
nikaufuta nusu kwa kuwa nilianza kumtaja Mkasi.
Kumi na wawili.

Jeshi lilijibu baada ya miezi mitano, mistari miwili:
maelezo hayajitoshelezi, faili limefungwa.
Lakini ndani ya faili hilo lililofungwa
wamo wasichana wawili, si mmoja.
Sijui kama hilo ni kitu.
Baba angelijua. Baba hayupo,
na jiwe lake la ratili tunawekea mlango usijibamize.

Jana umeme ulikatika.
Video ikazima penye kiatu,
nikabaki na uso wangu ndani ya kioo cheusi.
Uani mama akaita, "Mkasi!"
Zikaja sauti mbili kwa mpigo:
"Abee!"

Nikasimama mlangoni
nikawahesabu.